Pembe Tusiyoijua

Chombo bora kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza sijakitia mkononi tangu siku kilipoanza kufanya kazi yake. Hakikuibwa, wala hakikupelekwa Ulaya kuwekwa kwenye kabati la vioo. Kipo, kinatumika, na kila nikienda kukiulizia naambiwa hakipo.

Juzi kijana mmoja anayesomea ufundi wa vifaa tiba alinitembelea hapa Masasi. Aliniamkia vizuri, akaketi, akauliza, "Babu, nyie zamani mlikuwa mnafanyaje majaribio ya vifaa vipya?" Nikamjibu kwamba tulivijaribu kwa mbuzi, kwa mhasibu, na kwa aibu. Akaandika. Naona aliondoka bila kuelewa, kwa hiyo acha nimweleze yeye pamoja nanyi wenzake wote mnaochora vifaa kwa kompyuta huku mmekalia viti vya kuzunguka.

Mimi ni Mmakua wa Lukuledi. Nilijifunza useremala misheni, nikaajiriwa kwenye karakana ya hospitali moja hapa Masasi, na humo nikazeekea. Jina langu Damiani, lakini tangu binti yangu azaliwe watu wote waliniita Baba Anjela, hata mabosi. Kazi ilikuwa kutengeneza kilichovunjika na kubuni kisichokuwepo. Magongo ya waliovunjika miguu, fremu za kuning'inizia mguu, vitanda vya kujifungulia, hayo yote yalipita mikononi mwangu, na mengine yalinipita kichwani kwa sababu yalianguka.

Basi ikaja miaka ya ruksa. Nyie mmezaliwa maduka yamejaa, hamuwezi kujua ilikuwaje mtu kupanga foleni ya sabuni halafu ghafla, ndani ya msimu mmoja, Masasi nzima ikawa na mitumba, redio za kila rangi, na ndoo za plastiki. Hospitali nayo ikapata fungu lake. Wagonjwa wakaanza kuchangia huduma, na sisi tukaanza kuletewa mashine na wafadhili na wachuuzi. Kuna moja ilikuwa ya kusikilizia moyo wa mtoto aliye tumboni, inatumia betri, inatoa sauti kwenye spika. Ilifanya kazi vizuri sana kwa muda mfupi sana. Wauguzi walisema betri zimeisha nguvu. Uongo mtupu, betri zilikuwa na nguvu kama kawaida, ila zilikuwa kwenye redio ya mlinzi siku ya mpira.

Baada ya hapo zikaja pembe za plastiki. Kwa jina la kitaalamu ni fetoskopu, lakini sisi tuliiita pembe. Asiyeijua na afikirie tarumbeta dogo la urefu wa shubiri. Mdomo mpana unakaa juu ya tumbo la mama mjamzito, upande wa pili una kisahani cha kuegemezea sikio la mkunga, na katikati lina tundu. Hakuna waya wala betri, mlinzi hawezi kuifanyia chochote. Tatizo la zile za plastiki ni kwamba wauguzi wetu walifundishwa kuchemsha kila kitu, nao wakazichemsha. Zikatoka sufuriani zimejikunja, ungedhani ni vitumbua vilivyokosa hamira.

Daktari mkuu akaniita. "Damiani, zahanati za Newala hazina pembe. Wakunga wanaweka sikio kavu kwenye tumbo. Wewe ni seremala. Zamani hizi zilikuwa za mti."

Nikasema nitajaribu. Maneno hayo "nitajaribu" yamewahi kuniletea taabu kubwa kuliko pombe.

Mashine yetu ya kukerezea ilikuwa mbovu, na hata ingekuwa nzima, umeme ulikuja pale ulipojisikia. Nikapanda Newala kutafuta mchongaji. Nikaelekezwa kijiji kimoja ng'ambo ya Makote kwa Mzee Mchopa, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma na yeye akiwa mgongoni. Mkono wake na tezo vilikuwa kitu kimoja. Mmakonde na Mmakua ni watani, kwa hiyo hatukupoteza muda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ntu wa Masasi umefuata nini huku juu? Panya wameisha kwenu?"

"Panya wapo. Nimekuja kuona kama nyie mmeshapata maji ya kuoga."

Binti yake wa mwisho, Salima, alicheka mpaka akamwaga chai aliyotuletea. Alikuwa ameolewa nyumba ya tatu kutoka kwa baba yake, na alikuwa na mimba yake ya kwanza. Akaniuliza nimebeba nini kwenye mfuko. Nikamwonyesha pembe ya plastiki iliyojikunja na kumweleza kazi yake. Akaiweka sikioni, akaishika tumbo lake kwa mkono wa pili, akasema, "Kwa hiyo nitaweza kuambiwa kama yumo mzima?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo maana nimekuja. Akasema nifanye haraka basi.

Tulianza na mpingo. Pembe ya kwanza ilikuwa nzuri mno, nyeusi inang'aa. Nilirudi nayo Masasi kuifanyia majaribio, na hapa kijana wangu chukua tena kalamu. Jaribio la kwanza: niliweka saa ya mkono chini ya mto wa sufi na kusikiliza. Ikasikika. Jaribio la pili: mhasibu wetu, Myao mwenye tumbo la heshima, alikubali kulala mezani kwa sababu nilimwambia ni agizo la daktari. Nikasikiliza kwa makini nikamwambia nasikia mioyo miwili. Hakunisemesha mpaka mwezi ukaisha. Jaribio la tatu: mbuzi wa mpishi aliyekuwa na mimba. Nilisikia moyo wa kitoto cha mbuzi, nakuapieni, mwepesi na wa haraka, nikafurahi nikasimama ghafla, mbuzi akashtuka akaipiga teke pembe, ikapasuka katikati. Ndipo nikajifunza kwamba nyuzi za mti lazima zifuate urefu wa pembe, zisikatize. Hakuna kitabu kilichoniambia hivyo.

Niliporudi kwa Mzee Mchopa kuagiza nyingine nikakuta mpingo hakuna. Wanunuzi wa vinyago walikuwa wanapandisha malori mpaka uani kwake, wanachukua chochote cheusi. "Siku hizi hata nchi wa kutwangia ukiwa nneusi wanaununua," alisema. Akanishauri tutumie mti mweupe, mwepesi, unaochongeka upesi. Mimi nikausifu kabla hata ya kuujaribu. Mpingo ni mzito na una ubaridi, mama mjamzito ukimgusisha anaruka. Mti ule mweupe ulikuwa na joto la mkono. Tukatoboa tundu kwa chuma cha moto, tukalainisha kwa majani ya msasa, tukaacha mdomo wazi na ukingo mwembamba. Saa chini ya mto ilisikika vizuri kuliko mwanzo. Mbuzi nilimfunga miguu. Mhasibu alikataa katakata.

Nikagawa pembe nyeupe kwa wakunga wa vijiji vya Newala, nyingine Mnyambe, nyingine ng'ambo ya Makote kwa Mama Zuhura. Mama Zuhura alikuwa muuguzi mkunga wa zahanati ya kijiji cha Mzee Mchopa, Mmakonde wa kuzaliwa hapohapo, mwanamke mpana mwenye sauti ndogo, na kila mtu alimwogopa akiwemo mume wake. Nikasubiri sifa.

Nilipopita tena kukagua nikakuta pembe yake imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya kabati, haijaguswa.

"Mama Zuhura, vipi?"

"Nzuri, Baba Anjela. Ila ina baridi."

"Ni ya mti, haina baridi."

"Basi ina joto."

Nikakaa nione mwenyewe. Akina mama walikuwa wamejaa kwenye benchi. Mama Zuhura akaitoa ile pembe, na mama wa kwanza akaitazama, akafunga khanga yake vizuri, akasema ameacha chungu motoni. Wa pili naye akakumbuka chungu. Benchi zima likaondoka. Siku ile kijiji kilikuwa na vyungu vingi motoni kuliko moshi niliouona.

Nikaichukulia kama kasoro ya ufundi. Ndivyo tulivyo mafundi: mtu akikukimbia unadhani amekimbia vipimo. Nikaifupisha, wakakumbuka vyungu. Nikairefusha. Nikapanua mdomo. Nikaipaka rangi ya buluu ya hospitali, ile iliyobaki kwenye madirisha. Mama mmoja aliisogelea, akakwaruza kidogo kwa ukucha, akaona weupe chini ya rangi, akaondoka bila hata kutaja chungu. Niliwauliza wanawake, wakatazama chini. Niliwauliza wanaume wakatazama juu. Nilimuuliza Mzee Mchopa, akasema, "Nti ni nti, Baba Anjela," akaendelea kuchonga.

Salima peke yake ndiye aliyekaribia kuniambia. Tumbo lake lilikuwa limekuwa kubwa. "Baba Anjela," alisema, "nilikuwa naitaka sana ile pembe yako. Sasa siitaki. Naomba usiniulize, maana ukiniuliza itabidi nisijue."

Nilikuja kuelewa siku nilipomfuata Mzee Mchopa bila taarifa. Mkewe aliniambia yuko "kule", akaonyesha kwa kidevu upande wa mikorosho huku akigeuza uso. Nikapita mikorosho, nikaingia kichakani, nikakuta kibanda. Ndani ya kibanda, pembe zangu zimepangwa zikikauka, na kando yake, kwa mti uleule mweupe, sura nne za mapiko zinanitazama, moja haijatobolewa macho.

Kwa wageni wa mambo haya: wavulana wa Kimakonde wanapotoka jandoni huchezwa mapiko. Mchezaji hujifunika nguo mwili mzima na kuvaa kichwani sura ya mti. Wanawake na watoto huambiwa kwamba yule si mtu, ni mzimu uliotoka kaburini. Sura huchongwa porini, mahali ambapo mwanamke hakanyagi, na mwanamke hatakiwi kujua kwamba ule ni mti, wala nani yumo ndani. Siku hizi yanachezwa jukwaani mchana kweupe na watu wanapiga picha, lakini wakati ule haikuwa mzaha.

Sasa sikilizeni uhondo wenyewe. Wanawake walijua kila kitu. Walimjua mchezaji kwa visigino vyake, maana ndio waliomfulia na kumpikia. Ule mti waliujua tangu utotoni, kwa sababu sura ikicheza sana rangi hubanduka mdomoni na weupe huonekana. Lakini hawatakiwi kujua, kwa hiyo hawakujua. Na wanaume walijua kwamba wanawake wanajua, lakini nao hawakutakiwa kujua hilo, kwa hiyo nao hawakujua. Nami nikaja na pembe iliyochongwa mahali pale, kwa mti ule, na kutaka kuiweka juu ya tumbo lenye mtoto. Hakuna mama angekubali, na hakuna mama angeweza kusema kwa nini anakataa, maana kusema ni kukiri kwamba anajua. Mzee Mchopa alijua kosa liko wapi tangu siku ya kwanza. Angeniambiaje? Angeniambia wanawake wameutambua mti ambao hawaujui?

Nilicheka peke yangu kichakani, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu sikuona njia ya kutoka.

Mwaka huo jando lilichelewa kutoka, korosho za kwanza zilishaanza kuanguka. Siku ya mapiko nilikuwa pale kijijini, nimebeba pembe za buluu kwenye mfuko kuzirudisha Masasi nikazichome. Uwanja ulikuwa umefurika. Ngoma zilikuwa zinapigwa tangu asubuhi, na lipiko lenye ndevu za nywele za kweli lilikuwa linawakimbiza akina mama, nao wanakimbia wakipiga mayowe ya kuogopa na kucheka kwa pamoja. Pembeni ya uwanja lilisimama lori la mfanyabiashara wa korosho. Dereva wake, Hamisi, kijana wa hapohapo kijijini, hakuonekana popote. Mtu asiniulize alikuwa wapi. Mimi niliviona visigino.

Zahanati ilikuwa jirani na uwanja. Nilipopita mlangoni nikamwona Salima amelala kitandani, ameshika tumbo kwa mikono miwili, na Mama Zuhura ameinama juu yake, sikio kwenye ngozi. Mama mkwe wa Salima alikuwa ameegemea ukuta, na pamoja naye bibi mmoja mzee sana aliyewafunda wasichana wote wa kijiji kile, mama zao na bibi zao.

"Tangu jana hachezi," Salima alisema. "Mama Zuhura, hachezi kabisa."

Mama Zuhura akainuka. Ngoma zilikuwa zinatikisa hata chupa za dawa kabatini. "Nasikia ngoma tu," alisema. Akaniona. Akautazama mfuko wangu. Nami nikajua anachofikiri, maana alikuwa mkunga kabla ya kuwa kitu kingine chochote.

Akachukua pembe moja akamsogelea Salima. Salima akajikunyata. "Siguswi na hicho."

"Hicho nini, mwanangu?"

"Sikijui. Siguswi nacho." Machozi yalikuwa yanamtoka. Binti wa watu alitaka kusikia moyo wa mwanawe kuliko kitu chochote duniani, na aliogopa kwamba kitu kile kitamchukua. Mimi nilisimama mlangoni na ufundi wangu wote ndani ya mfuko. Niliona uchungu moyoni ambao mpaka leo nikiukumbuka natafuta pa kukaa.

Mama Zuhura akatoka nje. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Mzee Mchopa, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na wapiga ngoma, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa shughuli ile. Wanawake hawakaribii pale. Alisimama hatua chache, akapiga magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Mama Zuhura."

"Baba, kuna kitu hapa mimi sikijui."

Mzee Mchopa akawatazama wapiga ngoma.

"Na wewe hujui kwamba sikijui," akaendelea, kwa ile sauti yake ndogo. "Naomba hicho kitu tusichokijua utupe sisi kina mama, kiwe chetu. Tukikichukua, nyie ndio mtakuwa hamkijui. Salima mtoto wake amenyamaza, baba. Na ngoma haziniachi nisikie."

Sijawahi kumwona mtu akifikiri kwa uso namna ile. Angekubali, angekuwa ametoa kitu cha porini mikononi mwa wanawake, mbele ya wanaume wenzake. Angekataa, alikuwa na binti mmoja tu aliyebaki kijijini. Akainuka. Akageuka akatupa mgongo, akitazama mikorosho, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mimi sijaona ntu akichukua kitu." Kisha akainua mkono, na ngoma zikakatika.

Sijui kama mnaweza kuelewa uzito wake. Mapiko hayakatizwi. Lipiko lenyewe lilikuwa katikati ya mruko, likatua kwa mguu mmoja na kubaki limesimama hivyo, haliwezi kuuliza kuna nini, maana mizimu haiulizi. Wapiga ngoma wakashika ngozi za ngoma zao zisivume. Watoto wakanyamazishwa. Kijiji kizima kikakaa kimya juani.

Ndani, yule bibi akaichukua pembe. Akamimina maji ndani ya beseni, maji yaliyopandishwa kichwani kutoka bondeni, ambayo watu wa kule hawayachezei, akaiosha mpaka rangi yangu ya buluu ikaanza kubanduka. Akaipaka unga wa mtama. Akatamka maneno ya Kimakonde ambayo sikuyasikia vizuri, na hata ningeyasikia nisingewaambia. Kisha akatazama mlangoni nilipokuwa nimesimama.

"Wewe Nmakua," alisema, "unatazama nini?"

"Sitazami kitu, bibi."

"Vizuri. Toka."

Nikatoka, na mlango ukafungwa. Kwa hiyo hapa nawaeleza alichonieleza Mama Zuhura baadaye, kwa jinsi alivyokubali kunieleza. Alipapasa kwanza akatafuta mgongo wa mtoto ulipo, maana moyo husikika vizuri upande wa mgongoni. Akaegemeza sikio, akaachia mkono, kwa sababu ukiishika pembe utasikia vidole vyako. Kwa mkono mwingine akamshika Salima kifundo cha mkono, asije akahesabu moyo wa mama akadhani ni wa mtoto. Haya yaandikeni, ni ya kweli hata leo.

Nje tulisubiri. Mzee Mchopa hakugeuka kutoka kwenye mikorosho. Lipiko lilianza kutetemeka mguu.

Mlango ukafunguliwa. "Yupo!" alisema Mama Zuhura. Vigelegele vikapanda, akavikata kwa mkono. "Yupo, lakini moyo unakwenda polepole, unachoka. Lazima afike hospitali Newala sasa hivi. Gari!"

Watu wote wakalitazama lori la korosho. Halafu watu wote, kwa wakati mmoja, wakageuza macho wasilitazame lipiko. Dereva alihitajika, kila mtu alijua yuko wapi, na hakuna mtu hata mmoja aliyeruhusiwa kujua. Wanaume wanawatazama wanawake, wanawake wanatazama ardhi, na lipiko limesimama katikati na ndevu zake, linatazama huku na huku kwa macho ya mti.

Mama Zuhura akavuta pumzi, akapaza sauti kuelekea angani, upande ambao hapakuwa na mtu. "Hamisi! Popote ulipo, kama umelala, amka! Mke wa mwenzio anakufa na mtoto tumboni!"

Lipiko likageuka likakimbia. Halikukimbia kwa madaha ya mzimu, lilikimbia kama dereva. Likaingia mikoroshoni, tukasikia vitambaa vikichanika, na kabla vumbi halijatulia akatokea Hamisi upande wa pili, shati amelivaa kinyume, jasho linamtiririka mpaka viatuni, unga mweupe wa mti umemganda kwenye nyusi.

"Nimesikia mnaniita," alisema akihema. "Nilikuwa nimelala."

"Pole kwa usingizi," mama mmoja akamjibu, na hakuna aliyecheka. Nawahakikishia kwamba kujizuia kule kulikuwa kazi nzito kuliko ya siku nzima shambani.

Salima alipakiwa juu ya magunia ya korosho, Mama Zuhura kando yake na kitu fulani ndani ya khanga. Walimpasua Newala kabla jua halijazama. Mtoto wa kike. Alitoka amechoka, wakamchezeshachezesha, akalia. Habari iliporudi kijijini Mzee Mchopa alikaa chini palepale njiani, mzee mzima, akalia mbele za watu, nami nikalia naye. Halafu tukataniana kidogo ili tupate pumzi. Mtoto walimpa jina la Sikujua. Kusini majina ya namna hiyo ni ya kawaida, lakini sisi tuliokuwepo tulijua limetoka wapi, au niseme hatukujua.

Tangu siku ile pembe zikawa za wanawake. Mzee Mchopa alichonga kwa mti ule mweupe, anaziacha mpakani mwa mikorosho, anaondoka. Kina mama wanapita "kuokota kuni". Kijiji baada ya kijiji, mpaka Mnyambe, zikaoshwa na kupakwa unga, na vyungu vikaacha kuungua motoni. Mimi mbunifu sikuruhusiwa hata kuchungulia. Marekebisho niliyapata kwa Mama Zuhura kwa lugha yake. "Baba Anjela, hakuna kitu kama hicho. Ila kingekuwepo, kisahani chake kingekuwa kinaumiza sikio." Nami narudi Masasi, nachora kisahani kidogo zaidi, nampelekea Mzee Mchopa. "Hakuna kitu kama hicho. Ila kingekuwepo, sasa kingekuwa kizuri." Alikuja daktari kijana kutoka Dar es Salaam kutathmini mradi, akaomba aonyeshwe kifaa. Wakunga wote wakamwuliza kifaa gani. Aliandika kwamba mradi umeshindwa, na kwamba hakuelewa kwa nini watoto wengi hivyo wanawahishwa hospitali wakiwa hai.

Siku hizi mashine zipo, zenye vioo na namba, na sina ugomvi nazo. Mwezi uliopita nilimsindikiza mjukuu wangu, binti wa Anjela, kliniki kule Newala alikoolewa. Umeme ulikuwa umekatika. Nikakaa kwenye benchi nje ya pazia, na upepo ukalipeperusha kidogo, nikamwona muuguzi ameinama, sikio chini, mkono ameuachia, mkono wa pili kwenye kifundo cha mjukuu wangu. Kati ya sikio lake na tumbo palikuwa na kitu kilichokuwa cheupe zamani, sasa kimekuwa rangi ya asali kwa kushikwa. Muuguzi alikuwa Sikujua, binti wa Salima. Ananifahamu tangu akiwa anatambaa. Aliniona, akanyoosha mguu akalivuta pazia.

Alipotoka alikuwa amejifunga khanga kiunoni, na khangani mlikuwa na uvimbe wa shubiri moja.

"Shikamoo babu. Mtoto mzima, moyo wake unakimbia vizuri."

"Marahaba mwanangu. Hongera." Nilijitahidi kunyamaza, lakini uzee hauna breki. "Hiyo pembe bado inasikika vizuri?"

Akanitazama machoni, uso umetulia kabisa, uso wa babu yake Mchopa mtupu.

"Pembe gani, babu?"

Nikautazama ule uvimbe wa khanga. Nikatazama mikorosho nje.

"Sijui," nikasema.